Bustani Isiyolimwa Upya Kila Mwaka: Historia ya Chicago na Mashamba Yetu Kabla ya Vuli

 

Wiki hii nimepita vitongoji vya tambarare, kule chini tunakolima mahindi, na nimeona moshi. Watu wameanza kusafisha mashamba. Mabua yanakusanywa, yanachomwa, na shamba linabaki tupu likisubiri mvua za vuli. Nilitaka niandike ujumbe mfupi tu wa "acheni kuchoma", lakini ujumbe huo mmeusikia miaka yote na moshi bado upo. Kwa hiyo leo nitakusimulia historia. Ni historia ya bustani moja ya umma katika mji wa Chicago, Marekani, na ya ardhi iliyoizunguka. Nivumilie kidogo, mwishoni tutarudi shambani kwako.

Bustani iliyo juu ya paa

Chicago ni mji mkubwa kando ya Ziwa Michigan, katika jimbo la Illinois. Katikati ya mji, chini ya maghorofa marefu, kuna eneo la mapumziko linaloitwa Millennium Park. Lilifunguliwa Julai 2004. Ndani yake kuna kipande cha ekari chache kinachoitwa Lurie Garden. Hakuna kiingilio. Tajiri anaingia, kibarua anaingia, mtoto wa shule anaingia.

Ukiitazama bustani ile unaweza kudhani imejiotea yenyewe. Kuna nyasi zinazofika kiunoni. Kuna maua ya salvia ya rangi ya zambarau yaliyopandwa kwa kufuatana mpaka yanaonekana kama mto unaopita. Wakati wa baridi mimea inakauka, inabaki imesimama na rangi ya udongo, na hakuna anayekimbilia kuikata.

Jambo ambalo mgeni halioni ni kwamba chini ya bustani ile hakuna ardhi. Millennium Park nzima ni paa. Chini yake kuna maegesho ya magari, na reli inapita humo humo chini. Ili paa lisielemewe, wajenzi walijaza sehemu nyingine kwa vipande vya povu gumu na jepesi, kisha wakamwaga udongo juu.

Mimea iliyopandwa pale ni ya kudumu. Nikumbushe kidogo maana yake: mmea wa msimu ni kama mahindi na maharage, unaota, unazaa, unakufa, unapanda tena. Mmea wa kudumu, hata majani ya juu yakifa, mzizi unabaki hai na unachipua mwaka unaofuata, kama matete, kama migomba.

Sasa jiulize: mji wenye fedha za kununua maua yoyote duniani, kwa nini ulipande nyasi za porini katikati ya maghorofa? Jibu liko nyuma karibu miaka 200.

Nchi ya nyasi

Kabla ya mji kuwapo, sehemu kubwa ya Illinois ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu. Inakadiriwa ilifika ekari milioni 22. Juu ya ardhi uliona nyasi na maua, lakini kazi kubwa ilikuwa chini. Mizizi ya baadhi ya nyasi zile huenda zaidi ya mita mbili ndani ya udongo. Kila mwaka sehemu ya mizizi inakufa na kuoza, mingine inaota. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka na unapata udongo mweusi, mzito, wenye rutuba ambayo mkulima anaiota ndotoni.

Wenyeji wa eneo lile, wakiwamo Wapotawatomi, waliichoma mbuga hiyo kwa makusudi. Hapa najua utanikamata: "Bwana shamba, mbona hao walichoma na udongo ukawa mzuri?" Swali zuri. Moto ule uliunguza majani makavu ya juu tu. Mizizi hai ilikuwa imejaa chini, imeushika udongo kama vidole vinavyoshika tonge la ugali. Mvua ikija, machipukizi yanatoka na udongo uko pale pale. Sisi tunachoma shamba la mahindi ambalo mizizi yake imekwisha kufa. Tukishaunguza mabua hakuna kilichobaki, si juu wala chini.

Mwaka 1833 Wapotawatomi na wenzao walitia saini mkataba wa Chicago na baada ya hapo wengi wao wakahamishwa kupelekwa magharibi. Mwaka 1837 Chicago ikapewa hadhi ya mji. Wakachagua kaulimbiu ya Kilatini yenye maana ya "mji ndani ya bustani". Na mwaka huo huo, katika kijiji cha Grand Detour kwenye jimbo hilo hilo, mhunzi mmoja alitengeneza kitu kilichobadili kila kitu.

Plau ya mhunzi

Mhunzi huyo aliitwa John Deere. Ndiyo, jina lile lile unaloliona kwenye matrekta ya kijani. Wakulima waliohamia Illinois walikuwa wakilalamika kwamba udongo ule mweusi unanata kwenye plau zao, kila baada ya hatua chache wanasimama kuukwangua. Deere alichukua chuma cha pua cha msumeno uliovunjika, akakinyoosha na kukisugua mpaka kikang'aa, akatengeneza plau ambayo udongo unateleza wenyewe.

Sitamlaumu. Mkulima alikuwa na shida, fundi akaitatua, na watu wakapata chakula. Lakini tazama kilichofuata. Ndani ya muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, mbuga karibu yote ya Illinois ilikuwa imepinduliwa ikawa mashamba ya mahindi na ngano. Katika zile ekari milioni 22, mbuga ya asili iliyobaki katika hali nzuri leo ni ekari elfu chache tu. Nyingi ziko pembezoni mwa reli na kwenye makaburi ya zamani, mahali ambapo plau haikufika.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali, kwa sababu akiba ya rutuba ilikuwa kubwa. Ni kama mtu aliyerithi ghala lililojaa. Anaweza kula miaka mingi bila kulima na majirani wakamwita hodari.

Hesabu ilikuja miaka ya 1930, na ilianzia magharibi zaidi, kwenye nyanda kavu za Kansas, Oklahoma na Texas. Huko nako nyasi za kudumu zilikuwa zimelimwa ili kupanda ngano. Ukame ulipokuja, ngano ikafa, na udongo ukabaki hauna cha kuushika. Upepo ukaubeba. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilikuja zito hivi kwamba mchana ukageuka usiku. Familia nyingi ziliacha mashamba na kuondoka. Mwezi huo huo serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kuhifadhi udongo, na kazi ya kuwafundisha wakulima makinga maji na kuuacha udongo umefunikwa ikawa ya serikali.

Hofu ile ilivuka bahari. Maofisa wa kikoloni huku kwetu walisoma habari za vumbi la Marekani, wakaanza kulazimisha matuta. Kule Uluguru miaka ya 1950 watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mpaka wakagoma, na mwaka 1955 ikawa vurugu. Wazee wakikunja uso ukitaja makinga maji, wana sababu. Jambo jema likiletwa kwa fimbo linachukiwa miaka hamsini. Ndiyo maana mimi nakuandikia, sikufokei.

Mfanyabiashara na uwanja wa umma

Turudi Chicago, na hapa nawaita wafanyabiashara wasogee karibu.

Mwaka 1836, kabla ya mji kuwa mji, viongozi waliokuwa wakipima viwanja vya kuuza waliandika kwenye ramani, juu ya kipande cha ufukwe wa ziwa, kwamba ni eneo la umma na libaki wazi daima bila majengo. Maneno machache tu kwenye karatasi.

Kisha maisha yakaendelea. Mwaka 1852 kampuni ya reli ikaruhusiwa kupitisha reli ndani ya maji mbele ya ufukwe. Mwaka 1871 moto mkubwa ukateketeza mji, watu wapatao 300 wakafa na kama 100,000 wakabaki bila makazi. Vifusi vikamwagwa ziwani kati ya ufukwe na reli, ardhi ikaongezeka, na kila mwenye nguvu akaanza kuitolea macho. Palikuwa na mabanda, takataka na mabehewa.

Aliyezuia hakuwa kiongozi. Alikuwa mfanyabiashara, Aaron Montgomery Ward. Mwaka 1872 alianza kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Alituma orodha ya karatasi moja yenye bei kwa wakulima, mkulima anaagiza na mzigo unakuja kwa treni. Wenye maduka ya vijijini hawakumpenda hata kidogo, lakini wakulima walimpenda. Alipotajirika ofisi yake ikawa mbele ya ule ufukwe. Mwaka 1890 akafungua kesi akitaka mji uyatii maneno ya ramani ya 1836.

Kesi zile zilichukua karibu miaka 20 na zilifika mara nne katika mahakama ya juu ya jimbo. Magazeti yalimshambulia. Hata makumbusho yaliyotakiwa kujengwa pale aliyakataa, na watu wengi wakamwona adui wa maendeleo. Mwisho alishinda. Mpaka leo ushindi ule unafanya kazi: walipojenga jukwaa la muziki Millennium Park, ilibidi lihesabiwe kuwa kazi ya sanaa, maana jengo refu lisingeruhusiwa.

Kwa nini nakusimulia kesi kwenye ukurasa wa kilimo? Kwa sababu mmea wa kudumu unataka ardhi yenye uhakika. Hakuna anayepanda kitu cha miaka kumi mahali ambapo hajui kama atakuwapo mwakani. Mkulima anayekodi shamba kwa msimu mmoja hapandi matete kwenye kingo, na simlaumu. Hili utaliona tena chini.

Kibarua aliyeleta maua ya porini mjini

Mwaka 1884 alifika Marekani kijana mmoja kutoka Denmark, mtoto wa mkulima, jina lake Jens Jensen. Alipata kazi ya kibarua kwenye bustani za umma za Chicago. Wakati ule bustani zilipambwa kwa maua ya kigeni yaliyopangwa kwa mistari na maumbo, yanang'olewa na kupandwa mengine kila msimu. Jensen naye alipanda hivyo, na mimea ikamfia. Udongo na baridi ya Chicago havikuikubali.

Mwaka 1888 akafanya kitu kingine. Alichukua gari la farasi akaenda nje ya mji, akachimba maua na mimea ya porini, akaipanda kona moja ya Union Park. Ile ikaota. Watu wa mjini wakaja kuyatazama maua ambayo wazazi wao waliyaita magugu. Baadaye Jensen alipanda cheo, mwaka 1900 akafukuzwa kazi kwa kukataa kushiriki ufisadi, mwaka 1905 akarudishwa akiwa na mamlaka makubwa zaidi. Alitumia maisha yake kutengeneza bustani kwa mimea ya asili ya nchi ile.

Mwaka 1962, nje kidogo ya Chicago, kwenye bustani ya miti iitwayo Morton Arboretum, mtaalamu Ray Schulenberg akaanza kuirudisha mbuga ya nyasi kwenye shamba lililokuwa limelimwa. Mbegu zilikusanywa kutoka vipande vilivyosalia, miche ikapandwa kwa mkono na magugu yakang'olewa kwa mkono. Kulima mbuga ilikuwa kazi ya siku chache kwa plau. Kuirudisha ni kazi ya miaka, na bado udongo haujawa ule wa zamani.

Mwenye kitalu kutoka Uholanzi

Sasa tumefika kwenye bustani yenyewe. Ile kona ya ufukwe iliyokuwa ya reli ilibaki yadi ya mabehewa na magari mpaka mwaka 1997, mji ulipoirudisha mikononi mwake. Wakaamua kuifunika kwa paa na kujenga Millennium Park. Mradi ulipangwa kugharimu dola milioni 150, ukaishia zaidi ya mara tatu yake, na ukachelewa miaka minne. Kwa hiyo ukisikia mradi wa kata umechelewa, hata wakubwa yanawakuta.

Mwaka 2000 yalifanyika mashindano ya ubunifu wa bustani. Yalishindwa na kundi la Kathryn Gustafson, na aliyechagua mimea alikuwa Mholanzi, Piet Oudolf. Oudolf alizaliwa mwaka 1944. Mwaka 1982 yeye na mkewe Anja walihamia shamba la zamani katika kijiji cha Hummelo wakaanzisha kitalu cha miche, kwa sababu mimea aliyoitaka haikuwa ikiuzwa popote. Wenye vitalu mnaonisoma, liwekeni hilo akilini: mtu huyu alijulikana duniani akianzia kwenye kitalu, akiuza miche ambayo mwingine hana.

Fikra yake ni rahisi. Usichague mmea kwa ua lake peke yake. Uangalie maisha yake yote: unavyochipua, unavyosimama, unavyotoa mbegu, mpaka unavyokauka. Chagua yenye nguvu inayoweza kuishi pamoja bila kuuana. Kwa Chicago alichanganya mimea ya Ulaya na nyasi na maua ya mbuga za Marekani, na miche ikaoteshwa na mwenye kitalu Roy Diblik katika jimbo jirani la Wisconsin. Hivyo mimea iliyofukuzwa na plau ikarudi Chicago, ikapandwa juu ya gereji.

Jina Lurie linatokana na Ann Lurie na marehemu mumewe Robert. Mfuko wao ulitoa dola milioni 10, na fedha hizo ziliwekwa akiba ili faida yake iitunze bustani miaka yote. Waliona kwamba kupanda ni siku moja na kutunza ni kila siku. Wenzangu wa Tarakea mnaovuka kwenda gulio la Loitokitok huenda mnalijua jina hili kwa njia nyingine, maana Ann Lurie, ambaye aliwahi kuwa muuguzi, ndiye aliyefadhili kliniki ya Mbirikani, Kajiado, iliyowatibu Wamasai UKIMWI, kifua kikuu na malaria.

Inavyotunzwa

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikae chini kuandika. Watunzaji wa bustani ile hawatumii dawa na mbolea za viwandani. Msimu ukiisha hawakimbilii kukata. Mimea mikavu inabaki imesimama miezi yote ya baridi, ndege wanakula mbegu, wadudu wenye faida wanajificha ndani ya vikonyo. Baridi ikikaribia kwisha, mwezi wa pili au wa tatu, ndipo wanaikata, na mabaki wanayaacha chini yawe matandazo. Machipukizi yanapenya hapo hapo. Udongo hauoni jua tupu hata siku moja.

Usidhani ni kazi ya uvivu. Wanapalilia kwa mkono, na mwanzoni zaidi, kwa sababu mmea wa kudumu mwaka wa kwanza unajenga mizizi na juu unaonekana dhaifu. Mwaka wa tatu ndipo unafunika. Anayetaka matokeo ya wiki sita apande mchicha.

Kosa langu

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na diploma mpya na gamboti mpya, nilipewa shamba darasa kando ya barabara. Nilitaka liwe shamba safi kuliko yote. Nilifundishwa kwamba mabua yanahifadhi viwavi vya bua, kwa hiyo niliwaambia wakulima tuyakusanye yote tuyachome, tung'oe na majani ya kwenye kingo. Tukafagia. Watu wakapiga picha.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku mmoja. Asubuhi nilikuta korongo linalofika magotini katikati ya shamba, mbegu zimekwenda, na tope limejaa kwenye banda la mbuzi la jirani. Wakulima walikuwa wamesimama kando ya barabara, kimya. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kihamba kule juu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe umemvua mtu nguo, halafu ukamwita msafi."

Sikuwa na jibu. Kiwavi mmoja nilimwona, shamba zima sikuliona.

Tayari tunaijua bustani hii

Yule mama alikuwa anajua anachosema. Panda naye mpaka kihambani kwake. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Majani ya migomba yanaanguka na kubaki hapo, samadi inarudi hapo. Hakuna anayepindua kihamba chote kila mwaka, na mvua za mlimani hazikibebi. Vihamba vya Kilimanjaro vimetambuliwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Babu zetu walikuwa na bustani ya mimea ya kudumu kabla Chicago haijaitwa Chicago.

Shida ni kwamba tukishuka kwenye mashamba ya tambarare tunaiacha akili hiyo nyumbani. Kihambani tunafunika, chini tunachoma. Juu ni urithi, chini ni pa kuvuna na kuondoka. Watu wa Illinois walifanya hivyo hivyo na ghala lao lilikuwa kubwa kuliko letu.

Cha kufanya kabla ya mvua

1. Usichome mabua. Najua ng'ombe wanayahitaji, kwa hiyo gawa: kata sehemu ya juu upeleke bandani, ya chini ilaze shambani kukingama mteremko. Samadi irudi shambani.

2. Kwa viwavi vya bua, yalaze mabua chini yapigwe na jua badala ya kuyasimamisha, na badilisha zao. Mabua ya mimea iliyougua kweli yaondoe peke yake. Usiunguze ekari nzima kwa ajili ya mistari miwili.

3. Panda mistari ya majani ya kudumu kwenye kontua. Matete, guatemala au vetiva, chochote unachopata karibu. Pima kwa fremu A, nitakuja kukusaidia. Matete panda vipande kila nusu mita mvua zikianza. Palilia mwaka wa kwanza, baadaye unakatia ng'ombe na kuuza ziada.

4. Weka mbaazi za muda mrefu kati ya mahindi ya masika. Mzizi wake unakwenda chini sana. Ukishavuna, usiung'oe, ukate usawa wa goti uchipue tena. Ulionyauka kwa ugonjwa ng'oa.

5. Unayekodisha shamba, na wewe unayekodi, andikianeni angalau miaka mitatu mbele ya uongozi wa kitongoji. Mwenye shamba atapata ardhi iliyohifadhiwa, mkodishaji atapata sababu ya kupanda majani. Bila uhakika huo hakuna mmoja kati yenu atakayepanda.

6. Kwa uwanja wa wazi na kingo za mto, fanyeni kama ile ramani ya 1836. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha. Katika kijiji kimoja ninachokihudumia uwanja ulio jirani na gulio, ambako maji yote ya mvua hutulia, kila mtu anautaka uwe vibanda. Wafanyabiashara, nawaelewa, meza ni riziki. Lakini maji yale yakikosa pa kutulia yatakuja kwenye magunia yenu. Nendeni mkutanoni, semeni, na kitakachoamuliwa kiandikwe kwenye muhtasari na kwenye ramani. Neno la mdomo halikumsaidia Ward, karatasi ndiyo iliyomsaidia.

Chicago ilitumia zaidi ya miaka 150 na mamilioni ya dola kurudisha nyasi kwenye ekari chache, juu ya paa. Nyasi zetu bado ziko kwenye kingo, mbegu ziko, na wanaojua kutunza ardhi iliyofunikwa bado wako hai kule kihambani. Kiberiti kiweke mfukoni wiki hizi mbili tatu. Ukiwa na swali, uliza hapa au nisimamishe njiani, pikipiki yangu mnaijua.

Tukutane shambani.